Dawa ya Jino si Kung'oa Pekee

Upo msemo ambao sote hapa Visiwani tumeusikia tangu utotoni, nao ni ule usemao kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Husemwa kwa mzaha barazani. Husemwa kwa huruma pale jirani anapomwona mwenziwe amejifunga kitambaa shavuni. La kusikitisha zaidi ni kwamba msemo huo husemwa pia, si kwa maneno bali kwa vitendo, katika vituo vingi vya matibabu, ambako koleo ndilo chombo cha kwanza na cha mwisho anachokutana nacho mgonjwa wa meno. Leo tumeona inafaa tuutie msemo huu katika mizani, kwani twaamini kuwa umetugharimu mengi, na kwamba wakati umefika wa kuuaga.

Asili ya kosa hili, kwa maoni yetu, ni kwamba wengi wetu hatujapata kukaa tukafikiri kinywa hufanyaje kazi. Tunalihesabu kila jino peke yake, kama kwamba ni msumari uliopigwa ukutani, ambao ukishika kutu hung'olewa na ukuta ukabaki vile vile. Ukweli sivyo ulivyo. Jino ni mshirika mmoja katika kazi ya shirika, na washirika wenziwe ni ulimi, taya, mashavu, fizi na mate. Akiondoka mmoja, kazi ya wote hupungua.

Na tuchukue mfano wa mtu aliyeketi kula muhogo wa kuchoma kwa pweza. Mtu mzima ambaye meno yake yametimia huwa nayo 32. Manane ya mbele, manne juu na manne chini, ni ya kukatia. Manne ya chonge ni ya kuraruria. Kisha hufuata magego madogo manane, na nyuma kabisa magego makubwa 12, ambayo ndiyo ya kusagia. Meno ya juu na ya chini hayakupangwa ovyo. Vilele vya gego la juu huingia katika mabonde ya gego la chini, mfano wa mchi uingiavyo katika kinu. Bila ya kinu mchi hautwangi, na bila ya mchi kinu ni gogo tu lililotobolewa.

Nguvu ya kutwanga hutoka katika taya. Taya la juu limeshikana na fuvu, halitikisiki. Linalotembea ni la chini peke yake. Msomaji na aweke ncha ya kidole mbele ya sikio lake, kisha afumbue kinywa na kukifumba. Atauhisi mfupa ukizunguka na halafu ukiteleza kwenda mbele, kwani kiungo hicho hakifanyi kazi kama bawaba ya mlango tu, bali huweza pia kusogea mbele, nyuma na pembeni. Kisha na aweke vidole katika panja zake na aume meno. Atauhisi msuli ukivimba. Huo ni mmoja katika misuli minne ya kila upande inayoliongoza taya, na kwa pamoja misuli hiyo huweza kulikandamiza gego kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 50 na zaidi. Tunapotafuna, taya halipandi na kushuka tu. Hushuka, likaenda pembeni kidogo, likapanda na kurejea katikati huku likisaga.

Lakini ni nani anayekipeleka chakula kinuni? Kazi hiyo ni ya ulimi. Mwanamke anayetwanga mpunga huzirejesha ndani kwa mkono punje zilizoruka pembeni, na ulimi hufanya hivyo hivyo bila kuchoka. Hukisukuma chakula juu ya magego kutoka ndani, na shavu hukizuia kutoka nje, ili kisianguke upande wowote. Hukigeuza, hukipima, hukitenga kilicholainika na kisicholainika, hukichanganya na mate, kisha hukifinyanga kikawa tonge laini na kukisukuma nyuma hadi kooni. Yote hayo huyafanya katikati ya safu mbili za meno zinazofunga na kufungua kwa nguvu tuliyoitaja, na ni mara chache sana kuumwa. Wazee wetu husema kwamba hata ulimi na meno hugombana. Sisi twastaajabu zaidi kwamba hugombana mara chache kiasi hicho.

Mate nayo yana sehemu yake. Mtu mzima hutoa kiasi cha nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Mate huilainisha njia ya chakula, huanza kuuvunja wanga wa muhogo na wali tangu kinywani, na huyaosha meno dhidi ya tindikali. Aidha, chini ya kila jino, baina ya mzizi na mfupa, umo utando mwembamba wenye mishipa ya fahamu, ambao hupeleka habari kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo, tukikutana na chembe moja ya mchanga ndani ya wali, taya husita papo hapo kabla hatujawahi kufikiri. Jino, basi, si jiwe. Ni kiungo kilicho hai, na kina hisia zake.

Tukishayajua hayo, tutaelewa kinachotokea gego moja linapong'olewa. Mahali pake hapabaki vile vile. Jino la jirani huanza kuinamia pengoni. Jino lililokuwa likikutana nalo, kwa kukosa mwenzake wa kusaga naye, huweza kurefuka polepole kutoka mahali pake. Chakula hukwama katika nafasi mpya zilizozuka, na meno mengine nayo huanza kuoza. Mtu hujizoesha kutafunia upande mmoja, misuli ya upande huo ikabeba mzigo wa pande mbili, na wengine hupata maumivu katika kiungo cha taya. Gego la pili likifuata, na la tatu, mtu huanza kuviacha vyakula kimoja kimoja: pweza kwanza, kisha nyama, kisha muwa, kisha matunda magumu na mboga mbichi. Mwisho hubakiwa na uji na mkate uliochovywa katika chai ya sukari. Ni wazee wangapi miongoni mwetu ambao tunadhani kuwa hawapendi kula, kumbe hawawezi kutafuna?

Wala hasara haikomei katika chakula. Herufi za lugha yetu zinahitaji meno na ulimi vilevile. Asiye na meno ya mbele huona taabu kutamka theluthi, dhahabu, fedha na vazi sawasawa. Walimu wetu wa vyuoni, ambao kwa karne nyingi wamewafundisha watoto mahali pa kutokea kila herufi, baina ya ulimi na meno, baina ya ulimi na kaakaa, wanalijua jambo hili vizuri zaidi kuliko sisi waandishi.

Sasa tuulize: meno huharibika vipi? Katika ukoga, ule utando unaoshika juu ya meno yasiyosafishwa, wanaishi vijidudu ambavyo hula sukari kama tulavyo sisi, na kutoa tindikali. Tindikali hiyo hulimumunya gamba jeupe la nje ya jino, ingawa hakuna kitu kigumu kulishinda gamba hilo katika mwili mzima wa binadamu. Kila tunapotia kitu kitamu kinywani tindikali huzidi, na mate huhitaji nusu saa na zaidi kuituliza. Kwa hiyo jambo la hatari si wingi wa sukari pekee, bali pia idadi ya mara tunazoila. Mtoto anayenyonya peremende asubuhi, akala ubuyu wa sukari wakati wa mapumziko, akanywa soda adhuhuri na chai tamu jioni, hawapi mate yake nafasi ya kumaliza kazi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu tunazozipata katika chakula, yaani kiasi cha gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huweza kuwa na gramu 30 au zaidi.

Tundu likishafika katika kiini cha jino, penye mishipa ya damu na ya fahamu, ndipo maumivu ya usiku yanapoanza, na ndipo wengi wetu tunapokimbilia karafuu. Hapa Visiwani hatuna haja ya kufundishwa habari ya karafuu. Mafuta yake, na yale yanayotolewa katika makonyo huko Pemba, yana dawa iitwayo yujenoli, ambayo hutuliza maumivu, na madaktari wa meno duniani wameichanganya na unga wa zinki kwa miaka mingi ili kuzibia meno kwa muda. Ni fahari kwetu kwamba zao letu limeyatuliza meno ya mataifa. Lakini tusijidanganye. Karafuu hulinyamazisha jino, hailizibi tundu. Anayeitia kila usiku kwa mwezi mzima anampa adui muda wa kuchimba zaidi, na usaha ukishaingia katika mfupa wa taya na kutelemka shingoni, jambo lililoanza kama tundu dogo huweza kuitoa roho ya mtu.

Hapo, bila shaka, kung'oa ni lazima, na wala hatuwalaumu watumishi wanaong'oa. Wanaletewa meno yaliyokwisha kufa. Lawama yetu ni kwa utaratibu unaomngoja mgonjwa mpaka afike hapo. Waswahili walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika meno methali hii ni kweli neno kwa neno.

Wapo watakaosema kwamba kuziba meno ni anasa ya nchi tajiri, kwamba kunahitaji mashine, umeme na daktari bingwa, na kwamba huwezi kuvipeleka vitu hivyo Tumbatu, Kojani, Fundo au Kisiwa Panza. Jawabu yetu ni kwamba jambo hili lilikwisha pata ufumbuzi, tena ndani ya nchi yetu wenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Mholanzi Jo Frencken, walianza kuyatibu meno yaliyooza kwa vyombo vya mkono peke yake. Sehemu laini iliyooza ilichokolewa kwa kijiko kidogo cha chuma, na tundu likazibwa kwa saruji ya meno inayonata. Hapakuwa na mashine, hapakuwa na umeme, na mara nyingi hapakuwa hata na haja ya sindano ya ganzi. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe, na katika Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa ulimwengu. Leo inatumika katika nchi nyingi. Itakuwa ajabu kubwa kama mbegu iliyooteshwa Tanzania itawapa kivuli watu wa mbali, na sisi wa ng'ambo ya maji tu tukabaki juani.

Tena mwaka 2021 Shirika hilo liliingiza katika orodha yake ya dawa muhimu vitu vitatu vya meno: dawa ya kusugulia yenye floraidi, saruji ya kuzibia, na dawa ya maji yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo hupakwa ili kusimamisha kuoza. Maana yake ni kwamba vitu hivi havihesabiwi tena kuwa anasa. Vimewekwa katika orodha moja na dawa za malaria.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na tunayaomba kwa heshima kwa wakubwa wetu wa Serikali, hasa walio katika afya na elimu. La kwanza ni kuwafundisha watumishi wa vituo vya afya vya vijijini na vya visiwa vidogo njia hii ya vyombo vya mkono, na kuhakikisha kwamba saruji haikosekani katika makabati yao. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na hatutegemei kumpata daktari wa meno kwa kila kijiji. Lakini mtumishi aliyefunzwa, mwenye mkoba wa vyombo vilivyochemshwa, anaweza kuvuka kwa mashua yoyote.

La pili ni kuwatazama watoto wote wanaoanza skuli. Gego la kwanza la utu uzima huota mtoto anapokaribia umri wa miaka sita, nyuma ya meno 20 ya utotoni, bila ya jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa sababu hiyo wazazi wengi hulidhania kuwa ni jino la utoto litakalokuja kubadilika, na huliacha lioze. Halibadiliki. Ndilo gego atakalosagia chakula chake maisha yake yote. Mtoto akitazamwa anapoingia darasa la kwanza, na akatazamwa tena anapofika miaka 12, wakati gego la pili limekwisha ota, matundu mengi yatazibwa yakiwa bado ni ufa.

La tatu ni kuangalia kinachouzwa milangoni mwa skuli. Hatutaki kumnyima riziki mama anayeuza kashata. Lakini yafaa muhogo, karanga, madafu na matunda yapewe nafasi ya mbele, na soda na peremende zirudishwe nyuma.

La nne ni hesabu. Kila kituo na kiandike kwa mwezi meno mangapi yameng'olewa na mangapi yamezibwa, na hesabu hizo zitangazwe kwa kila wilaya. Hesabu ya kuziba ikianza kuipita ya kung'oa, ndipo tutakapojua kwamba tumefuzu.

Lakini haitakuwa insafu kuiachia Serikali mzigo wote. Sisi wananchi tuna sehemu yetu, na hakuna amri wala bajeti itakayotusafishia vinywa. Meno yasuguliwe mara mbili kwa siku, na kabla ya kulala isikosekane kabisa, kwa dawa yenye floraidi. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu anatosheka na kiasi cha chembe ya mchele. Aliye baina ya mitatu na sita, kiasi cha punje ya mbaazi. Baada ya kusugua atemewe dawa hiyo nje, asisukutue kwa maji mengi yakaiondoa yote. Mswaki wa mti tuliourithi ni mzuri na tusiuache, lakini tuuongezee dawa hiyo. Anayeona doa jeusi katika gego na aende kituoni siku hiyo, asingoje usiku wa kilio.

Neno moja pia kuhusu tambuu. Tunajua kuwa ni ada ya wazee na heshima ya harusi. Lakini popoo iliyomo ndani yake, pamoja na tumbaku inayoongezwa, imethibitishwa kuleta saratani ya kinywa, na wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliitangaza hivyo mwaka 2004. Kabla ya saratani, popoo huweza kuyakakamaza mashavu kwa ndani hata taya likashindwa kufunguka sawasawa. Ni jambo la huzuni mtu kubaki na meno yake yote, na asiweze kukifumbua kinywa ayatumie.

Huenda wakubwa wetu wakatujibu kwamba mama wajawazito, watoto wachanga na malaria vina haki ya mwanzo. Hatubishi. Lakini na wakumbuke kwamba, kwa taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, maradhi ya kinywa yamewashika karibu watu bilioni 3.5 ulimwenguni, na mengi yake yanazuilika kwa gharama ndogo. Mtoto asiyelala kwa maumivu hasomi. Mvuvi aliyevimba taya haendi baharini. Mama mjamzito asiyeweza kutafuna hali chakula cha kumtosha yeye na mwanawe. Afya ya kinywa haishindani na afya ya mwili, kwani chakula chote kinachoujenga mwili huingia kwa mlango huo.

Wazee wetu walituachia methali nyingine, iliyo na hekima kuliko ule msemo tulioanza nao: jino la pembe si dawa ya pengo. Walijua kwamba kinachowekwa badala hakiwi sawa na kilichopotea. Meno ya bandia yana faida yake, na twapenda kuona wazee wetu wengi zaidi wakiyapata. Lakini hayana mizizi wala hisia, na ulimi hauyazoei upesi. Bora kabisa ni kulinda lile lililopo. Twatumaini kwamba mtoto anayeota gego lake la kwanza mwaka huu, awe Mkoani au Mkokotoni, atakapofika umri wa babu yake atakuwa bado analitafunia pweza.